Uwezo wa kungoja: shajara ya mradi wa pweza, mwani na kikoba, kusini mwa Pemba

Novemba 2023

Mvua za vuli mwaka huu hazina mapumziko. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kuwa El Niño italeta mvua za juu ya wastani, na ndivyo ilivyokuwa. Mwani umevunwa lakini hauna pa kukaukia. Asubuhi akina mama wanautandaza juu ya makuti, adhuhuri wanaukusanya mbio wingu likishuka, alasiri wanautandaza tena. Mwani ulionyeshewa hupoteza chumvi na rangi, na mnunuzi akiushika tu anajua. Kilo saba hadi nane za mwani mbichi ndizo zinazotoa kilo moja ya mkavu. Mama aliyebeba mzigo kutoka shambani hadi pwani huku maji yakimchuruzika mgongoni huenda akauza kilo chache tu, na hizo chache zikashushwa bei.

Mimi ni katibu wa kamati ya uvuvi ya shehia yetu. Kamati imenipa kazi ya kuandika kila hatua ya mradi huu ili shehia nyengine zipate kuusoma. Kijiji kiko kwenye kisiwa kidogo. Unga, sukari, dawa, mzazi aliyeshikwa na uchungu, wote na vyote hupita baharini hadi Mkoani, mji wa bandari wa Pemba, na kusi, upepo wa kutoka kusini, likichafuka hakipiti kitu. Tunaishi kwa pweza na samaki wa mwambani, kwa mwani, na kwa kibarua cha kuchuma karafuu kwenye mashamba ya watu Pemba, msimu unapokuwa mzuri. Hakuna hata kimoja ambacho bei yake tunaipanga sisi.

Kazi ya kwanza imekuwa kuchora kalenda. Tumebandika karatasi kubwa kwenye baraza ya madrasa, tukapanga miezi yote ya mwaka, juu tukaandika pesa zinapoingia na chini zinapotoka. Wanawake walikaa peke yao kwanza na wanaume peke yao, kisha karatasi mbili zikawekwa pamoja. Hapo ndipo mazungumzo yalipopamba moto, maana wanaume walikuwa wameuandika mwezi wa Februari kuwa mzuri, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, limetulia na vyombo vinafika mbali, na wanawake wameuandika kuwa mwezi mbaya kuliko yote.

Disemba 2023

Kalenda imekamilika na imesema jambo ambalo kila mtu alikuwa analijua kwa upande wake bila kuliona zima. Januari skuli zinafunguliwa, zinatakiwa sare na madaftari. Maji ya kaskazi yamepata joto, mwani unaoza kwenye kamba. Karafuu zimeshakwisha. Machi masika yanaingia, na mwani hata ukiota haukauki. Juu ya hayo Ramadhani ya 2024 itaanza karibu na katikati ya Machi na Idi itafuata Aprili, na hakuna mzazi hapa atakayekubali mwanawe aende kusali Idi na nguo iliyochanika.

Tukaulizana: miezi hiyo mnaishi vipi? Majibu yalikuja kwa taabu, kwa sababu ni mambo ya aibu ndani ya nyumba. Duka linatoa unga kwa daftari, na daftari hulipwa kwa mwani wa msimu wa kusi, kwa bei ambayo mwenye duka ndiye anayeitaja. Mwani unauzwa haujakauka vizuri. Mwambani wanachokolewa pweza wa gramu mia mbili, mia tatu, ambao wangeachwa kidogo wangekuwa kitoweo na fedha. Na wako vijana wanaofuata wenye juya, wavu wa kukokota, ingawa juya limekatazwa, kwa sababu juya linalipa siku hiyo hiyo.

Nimeandika maneno haya kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kamati, na naomba msomaji ayachukue kuwa ndiyo maana ya mradi wote: watu wa hapa wanafanya kazi kutoka alfajiri, na bahari bado inatoa. Tunachokosa ni uwezo wa kungoja. Mwenye uwezo wa kungoja wiki tatu anauza pweza mkubwa. Anayeweza kungoja siku nne za jua anauza mwani mkavu. Anayeweza kungoja mwezi mmoja anamkatalia mnunuzi wa kwanza na kumsubiri wa pili. Wafadhili wengi waliopita visiwani walikuja na mradi mpya wa kipato: kuku, nyuki, sabuni. Sisi tumeamua kushughulika na kungoja.

Januari 2024

Joto. Kati ya aina mbili za mwani, mwembamba unavumilia kidogo, mnene umekufa wote. Matawi yanageuka meupe, yanalegea, yanakatika na kwenda na maji. Hali hii wakulima wa Zanzibar wanaijua tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Nataka vijana waelewe historia hii. Kilimo cha mwani kiliingia pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya miaka ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanaume wengi waliona mapato ni kidogo wakaacha, wanawake wakabaki. Leo mwani hutajwa pamoja na utalii na karafuu kila panapohesabiwa fedha za kigeni za Zanzibar, na sehemu kubwa ya mwani huo hutoka Pemba. Viwandani hutolewa ule ute unaogandisha dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Mwani mnene ndio wenye bei, mara mbili ya mwembamba au zaidi, na ndio unaoshindwa na joto. Kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi kwa mama wa hapa yana maana moja iliyo wazi: zao lake zuri limeondoka, limebaki lile la bei ya chini.

Kuna jambo jengine. Wanunuzi wengi hutoa kamba na taitai, vijikamba vya kufungia mbegu, bure, kwa sharti kwamba mavuno yauzwe kwao. Utaratibu huu ndio uliowawezesha wanawake wasio na mtaji kuanza, na siudharau. Lakini mtu aliyepewa kamba hawezi kungoja bei. Kamati imeamua kwamba lengo la kwanza la fedha zozote tutakazopata ni kamba zetu wenyewe.

Dkt. Flower Msuya na wenzake wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Unguja, wameonyesha kuwa mwani mnene unaweza kuota kwenye maji ya kina zaidi, ambako joto ni kidogo, kwa kutumia nyavu za mfano wa bomba na kamba zinazoelea. Akina mama wamelisikia hili kwa hamu na kwa hofu. Shamba la kawaida mtu hulifikia kwa miguu maji yakikupwa. Shamba la kina linataka chombo, na mtu anayejua kuogelea. Wengi wao hawajui. Tumeliweka kando kwa sasa, halijafutwa.

Februari 2024

Kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kimeanza. Wazo lenyewe si geni Zanzibar. Vikundi vya kuweka na kukopa vya namna hii vilianzia kwa wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991, vikaenea Afrika nzima. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo tatu ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na halifunguliwi ila mbele ya kikao. Kila mwanachama anaweka hisa moja hadi tano kwa kikao, kulingana na alichonacho. Pembeni kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba.

Suala lililochukua vikao vingi ni nyongeza juu ya mkopo. Katika vikundi vya mahali pengine anayekopa hurudisha na ziada, na ziada hiyo ndiyo faida ya wote. Hapa watu waliuliza moja kwa moja: hiyo si riba? Mwalimu wa madrasa hakujibu haraka. Aliomba muda, akavuka kwenda kuwauliza waliomzidi elimu, akarudi na msimamo ulio wazi kwamba mkopo urudi kama ulivyotoka. Wakasema baadhi, basi sanduku litakua vipi? Ilichukua jioni mbili za mabishano mazuri kabisa. Mwisho tukakubaliana kwamba kikundi kinunue kamba, taitai na betri za tochi kwa jumla Mkoani na kuwauzia wanachama kwa bei ya chini ya duka, na faida ya biashara hiyo iingie sandukuni. Napenda uamuzi huu kuliko ule wa vitabu, kwa sababu umetupatia vitu viwili kwa pamoja: akiba isiyomtia mtu wasiwasi na dini yake, na kamba zisizotoka kwa mnunuzi.

Tarehe ya kugawana nayo imetoka kwenye kalenda. Vikundi vingi hugawana mwisho wa mwaka. Sisi tutagawana Shaaban, kabla ya mwezi mtukufu, pale pengo linapokuwa kubwa. Tukumbuke kwamba Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wakati masika hayaondoki mahali pake. Mpango wa 2024 hautafaa 2030, mwaka ambao Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba.

Machi na Aprili 2024

Ramadhani imeingia tarehe 12 Machi. Bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi huu ni kubwa, kama kawaida ya Machi na Septemba, na mwamba umebaki mtupu hadi mbali. Wanawake wamekwenda pweza wakiwa na swaumu. Hatukufunga mwamba wowote, yaani kuzuia uvuvi kwa muda ili pweza wakue, wala hatukutaka, kwa sababu huu ndio wakati mwamba unapolisha nyumba.

Waliorudi kutoka mwambani walileta habari ya kutia huzuni. Matumbawe yamekuwa meupe, sehemu kwa sehemu, hata yale makubwa ya ukingoni. Mzee mmoja mpiga mbizi alisema mara ya mwisho kuona weupe wa namna hii ilikuwa 1998. Mwaka ule matumbawe mengi ya kisiwa cha Misali na pwani yote ya Afrika Mashariki yalikufa. Tumbawe lina mwani mdogo mno ndani yake unaolilisha. Maji yakizidi joto, linautoa, linabaki na rangi ya mfupa, na joto likiendelea linakufa kwa njaa. Tarehe 15 Aprili wanasayansi wa NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya bahari na anga, wametangaza rasmi kuwa weupe huu ni wa dunia nzima, wa nne kuandikwa.

Katika kikao kijana mmoja aliuliza: kama mwamba wenyewe unakufa, tunalinda nini? Nimelifikiria sana swali lake. Pweza anaishi vizuri hata kwenye vifusi vya matumbawe, kwa hiyo kesho na keshokutwa atakuwepo. Lakini mwamba uliokufa huvunjika kidogo kidogo kwa miaka, mashimo yakazibwa, samaki wakahama na mawimbi yakafika ufukweni kwa nguvu zaidi. Jibu langu kwake lilikuwa kwamba joto la bahari halimo mikononi mwetu, ila juya, nanga na miguu inayokanyaga matumbawe vimo. Tumbawe linalojaribu kupona halitakiwi kuvunjwa wakati huo huo. Naye amekubali kuingia kwenye kundi la ulinzi.

Idi imepita. Sanduku lilitoa mikopo midogo ya nguo na sukari. Daftari la duka bado limejaa.

Mei 2024

Kimbunga Hidaya. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitufikia kwa simu na redio siku kadhaa kabla, vyombo vikavutwa juu, hakuna aliyekwenda bahari. Kimetua Mafia tarehe 4, kusini yetu, na huku tumepata upepo, mvua na mawimbi. Kamba za mwani na vigingi vingi vimeng'oka. Mfuko wa jamii umetumika kwa mara ya kwanza: kamba mpya kwa wanachama waliopoteza mashamba yao yote, bila deni.

Juni 2024

Huu ndio mwezi wa kufunga mwamba, na ndio tuliobishana sana.

Wazo si letu. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao mwishoni mwa 2004 na kuifungua katikati ya 2005, na kutoka hapo mtindo umesambaa visiwani na pwani ya bahari hii yote. Jirani zetu wa Kisiwa Panza nao wameshafunga na kufungua, na watu wetu wamekwenda kuwauliza. Pweza anafaa kwa jambo hili kuliko kiumbe chochote tunachovua. Wa mwambani huku, ambaye wataalamu humwita *Octopus cyanea*, huishi kiasi cha mwaka mmoja hadi mwaka na nusu na hukua kwa kasi kubwa. Jike hutaga mara moja maishani. Hujifungia shimoni na mayai, hali kitu, anayapepea maji mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Vitoto vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele na huchukuliwa na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, pengine mbali na hapa. Nimewaeleza watu waziwazi: faida ya mayai ni ya pwani nzima, faida ya uzito ni yetu.

Bibi mmoja mjane, ambaye mwamba huo ndio karibu na kwake, alisimama akasema: "Wanangu, nyinyi mna vyombo. Mimi nina miguu yangu na chuma changu cha kuchokolea pweza. Mkifunga mwamba wangu mnanifunga mimi." Kikao kilinyamaza, kwa sababu alikuwa na haki. Miradi mingi ya hifadhi imewahi kufunga bahari ya watu wanaotembea kwa miguu na kuwaachia wenye mashine bahari yao wazi.

Yakatoka maamuzi haya. Mwamba unaofungwa ni mmoja tu, na miamba miwili ya karibu inabaki wazi kwa wanaokwenda kwa miguu peke yao. Wapiga mbizi waende nje zaidi. Wajane na wazee wanaotegemea mwamba huo watapewa kibarua cha kusuka chanja za kuanikia mwani, kwa malipo ya kila wiki kutoka mfuko wa kamati. Na muda wa kufunga utakuwa kusi, pale mwani unapostawi kwenye maji ya baridi na wanawake wana kitu chengine mikononi. Kalenda ndiyo iliyotupa jibu hili. Mahali pengine tarehe za kufunga hupangwa kwa kuangalia pweza peke yake, nasi tumepanga kwa kuangalia pweza na sufuria kwa pamoja.

Tumo ndani ya eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba, PECCA, lililotangazwa 2005, kwa hiyo kanuni zetu zimepelekwa ofisi ya uvuvi zikapitiwa na kurudi na saini. Sheha amezisoma msikitini baada ya Ijumaa. Idi ya kuchinja ilikuwa tarehe 17. Tumewaachia watu bamvua ya mwezi mpevu wa tarehe 22, na tarehe 25 mwamba umefungwa. Maboya mekundu yanaonyesha mipaka.

Julai 2024

Kusi kali. Ulinzi ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani, na si kwa sababu ya wezi. Ni baridi ya usiku, ni mafuta ya mashine, ni kijana anayetakiwa kulinda bila malipo wakati wenzake wanavua. Tumepanga zamu kwa mitaa, na bamvua za usiku ndizo zinazoangaliwa zaidi, maana maji hukupwa kiasi cha saa nne usiku na mwenye tochi anaweza kufanya kazi kubwa kwa saa mbili.

Wavuvi wa dago walifika na kupiga kambi upande wa pili wa kisiwa. Hawa ni watu wanaofuata samaki kutoka pwani hadi pwani, na mara nyingi hulaumiwa kwa kila kitu. Wazee wetu walikataa kwenda na vijana wenye marungu. Walikwenda na nahodha mkongwe ambaye enzi zake naye alikuwa akienda dago hadi pwani ya Kenya, wakakaa nao, wakanywa kahawa, wakawaeleza mwamba upi umefungwa na mpaka lini, na wakawakaribisha kununua maji na makaa kijijini. Wageni hawakugusa mwamba. Aliyegusa alikuwa mtu wetu. Amelipa faini iliyoandikwa, mbele ya kikao, kama ambavyo angelipa mtu mwengine yeyote, na nadhani siku hiyo ndiyo wengi walipoamini kuwa kanuni ni kanuni.

Agosti 2024

Chanja zimesimama, mistari mirefu ya miti na nyavu, kimo cha kiuno. Mwani unaoanikwa juu hupata upepo pande zote, hauchanganyiki na mchanga wala mavi ya mbuzi, na mvua ikija ni turubai moja tu la kuvuta. Akina mama wanasema migongo yao imepona. Mwani wa kusi mwaka huu ni mzuri, mwembamba lakini mzito.

Ghala letu ni chumba cha skuli ya zamani kilichowekwa paa jipya na sakafu ya mbao. Hapo mwani mkavu umewekwa wa wanachama wote, kila gunia na alama ya mwenyewe. Mnunuzi wa kwanza alikuja na bei ile ile ya kawaida. Wanawake walimsikiliza kwa heshima, wakamwambia wanasubiri. Hakuna aliyekuwa na shida ya siku hiyo, kwa sababu waliokuwa na shida walikuwa wameshakopa sandukuni. Baada ya muda si mrefu alikuja wa pili, akapandisha kidogo, na wa kwanza akarudi akampita. Nyongeza kwa kilo haikuwa kubwa. Nilichokiona mimi ni akina mama waliozoea kusimama kwenye mizani wakiwa wameinamisha vichwa, wakiuliza maswali kuhusu mizani yenyewe, na mizani ikapimwa upya kwa mawe ya kilo yanayojulikana.

Waliouza wamelipa daftari la duka. Mwenye duka, nieleze pia upande wake, amefurahi kuliko wote. Deni la unga lilikuwa linamlemea yeye vile vile, kwani naye hukopa kwa wafanyabiashara wa Mkoani.

Septemba 2024

Maulidi yamesomwa. Mwezi mpevu wa tarehe 18 umekuja na bamvua kubwa, na tarehe 19, Alkhamisi, mwamba umefunguliwa.

Somo la Madagaska tulilolishika sana ni la siku ya kwanza. Kule walipofungua mara ya mwanzo watu walimiminika kutoka vijiji vya karibu, na mavuno yakagawika kwa wengi mno. Sisi tulipanga kila kitu mapema. Vijiji viwili jirani vilialikwa kwa idadi iliyokubaliwa, kwa sababu nao waliheshimu mwamba wakati wote uliofungwa. Wanaotembea kwa miguu, wanawake na wazee, waliingia kwanza maji yalipoanza kukupwa, na wapiga mbizi waliruhusiwa baada yao, upande wa kina tu. Jike lililokalia mayai lisichokolewe. Kila kilo inayouzwa inatozwa shilingi mia mbili kwa mfuko wa kamati.

Jambo la bei lilitutia wasiwasi zaidi ya jambo la pweza. Pweza wengi wakitoka siku moja na barafu hakuna, mnunuzi mmoja anaweza kutaja bei yoyote ile. Kwa hiyo tuliwaita wanunuzi watatu wiki mbili kabla, tukawataka waseme bei kwa daraja la uzito na waje na barafu yao kutoka Chake Chake. Wawili walikubali, mmoja hakuja. Bei iliandikwa ubaoni na kusainiwa.

Saa nne asubuhi mwamba ulikuwa umejaa watu na sauti. Pweza walikuwa wakubwa. Wale wa kilo mbili walikuwa wa kawaida, na walitoka wa kilo tatu na zaidi, ambao watoto wengine hawajawahi kuwaona. Yule bibi mjane aliingia kwanza kabisa, hilo lilikuwa ombi la wanawake wote, na alitoka na pweza waliomshinda kubeba. Wajukuu wake walimpokea.

Siku ya pili na ya tatu mavuno yalipungua kama ilivyotarajiwa. Siku ya tano mwamba ulikuwa sawa na miamba mengine. Nimeandika hivyo kwa makusudi. Kufunga hakumfanyi pweza asiishe. Kunakusanya uzito wa miezi mitatu katika siku chache, na kazi iliyobaki ni ya sanduku, kuzisambaza siku hizo chache katika miezi mibaya inayokuja. Jioni ya Jumamosi kikao cha kikoba kilikuwa kirefu kuliko chochote kilichowahi kufanyika. Wengi waliweka hisa tano.

Oktoba 2024

Hesabu za mfuko wa kamati zimebandikwa madrasani, mapato, mafuta ya doria, kibarua cha chanja, vigingi vya maboya. Watu wamezisoma na kuuliza, na maswali mawili yamejibiwa kwa risiti.

Karafuu zimeanza, na nyumba kadhaa zimevuka kwenda kuchuma. Mwaka huu wameondoka baba na vijana wakubwa peke yao, na watoto wadogo wamebaki na mama zao. Mwalimu mkuu wa skuli ameliona hilo kwenye daftari la mahudhurio kabla yetu, akaja kutuambia. Kila msimu wa karafuu alikuwa akipoteza nusu ya darasa.

Pendekezo la kufunga mwamba wa pili limekataliwa kwa kura, na mimi nilikuwa upande wa waliokataa. Ulinzi wa mmoja umetuchosha, na mwamba wa pili ndio unaowalisha wanaokwenda kwa miguu. Mwamba wa kwanza utafungwa tena kusi ijayo, baada ya Idi ya kuchinja.

Fedha iliyobaki katika mfuko imepigiwa kura iende kwenye shamba la majaribio la mwani mnene kwenye maji ya kina: kamba, maboya na mtumbwi mmoja wa kikundi. Wanawake kumi na wawili wamejiandikisha. Mafunzo ya kuogelea yameanza siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ndani ya ghuba, chini ya mwalimu mwanamke aliyetoka Mkoani, wakiwa na mavazi yao ya stara yaliyoshonwa kwa kitambaa chepesi kisichovuta maji. Tunahitaji jaketi za kuokolea maisha na mbegu za mwani mnene zilizotoka kwenye maji ya joto na zikahimili. Mkulima wa Unguja au wa kaskazini ya Pemba aliyekwisha kulima kwa njia hii na aliye tayari kuja kutuonyesha, nauli, chakula na malazi viko juu ya kamati.